Kabla Haijafika Mizanini

Katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Tandale na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni hadi Tandika, Mtoni na Mbagala kwa upande wa Temeke, haipiti asubuhi ila husikika sauti za vijana wa mikokoteni wakinadi kwamba wananunua vyuma chakavu, mabati mabovu na betri zilizokufa. Na mwenye kujisumbua kutazama yaliyomo ndani ya mikokoteni hiyo, kati ya sufuria zilizotoboka, fremu za baiskeli na mabomba yaliyoliwa na kutu, aghalabu ataiona mashine ya mkono ya umeme, drili au grenda au randa, imelala kifudifudi na waya wake umezungushwa mwilini, ikipelekwa mahali ambapo haitaulizwa lolote ila uzito wake.

Bwana wa mashine hiyo amekwisha kuyakinisha kwamba imeungua. Aliibonyeza swichi, haikuitikia. Akaitikisa, akaipiga kwa kiganja, akaichomeka katika soketi ya jirani. Ilipokataa hata huko akaisukumia mvunguni mwa kitanda, ikakaa huko hadi siku aliyohitaji nafasi au fedha ndogo, akaitoa kwa kilo. Mnunuzi naye hana sababu ya kumrekebisha, kwa maana faida ya biashara yake imo katika shaba, na shaba iliyosukwa ndani ya mota, ikishang'olewa kwa patasi na nyundo, huuzwa kwa bei ipitayo ya chuma mara nyingi. Hivyo mashine yenye uzito wa kilo mbili hivi, ambayo ingeweza kumlisha seremala na watoto wake, hugeuzwa kuwa konzi ya nyaya nyekundu na ganda la plastiki ambalo halitakiwi na mtu.

Baina ya mvungu wa kitanda na mizani ya skrepa yuko mtu wa tatu, naye ni fundi wa mota, ambaye kwa desturi hatumpi heshima inayomstahili. Nami nadai kwamba mashine nyingi zitupwazo kwa ubovu wa umeme hazikufa, zimekatika tu mahali padogo panapojulikana, na kwamba ustadi wa kupatambua mahali hapo hutegemea mpango wa kuuliza kuliko wingi wa vifaa. Fundi mwenye mita ya bei rahisi na subira humshinda mwenye sanduku la kung'aa lililojaa zana ambaye huanza kufungua skrubu kabla ya kufikiri.

Fundi wa namna hiyo ana kibanda cha mabati Tandika, chenye meza ya mbao nzito iliyochomwachomwa na kisu cha solda hata ikawa na madoa kila pembe. Kijana mmoja, seremala kutoka Keko, ambako mtaa mzima hunukia mbao na rangi kwa wingi wa karakana za vitanda na makabati, alimjia na grenda ndogo ya inchi nne na nusu aliyoiokoa kwa muuza skrepa kabla haijavunjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Imefanyaje?"

"Imeungua, mzee. Nataka unisukie mota."

"Nani aliyekwambia imeungua?"

"Aliyeniuzia."

"Yeye anauza kilo. Iweke hapa."

Hakuishika bisibisi. Aliinua grenda hadi puani akanusa matundu ya kupitishia hewa, kwa kuwa vanishi inayofunika nyaya za mota ikiungua huacha harufu kali ya uchungu isiyotoka kwa miezi, na mashine isiyonuka hivyo bado ina matumaini; kisha akauzungusha mhimili kwa vidole, akisikiliza kama beringi zinakwaruza au gia zimeng'ang'ana, maana mota iliyozuiwa isizunguke huvuta umeme kupita kiasi na kujichoma yenyewe, na wengi hutibu waya ilhali ugonjwa umo katika chuma. Grenda hii haikunuka, na mhimili ulizunguka. Ndipo akaigeuza akasoma kibandiko kilicho ubavuni, na hapo naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu kibandiko hicho kimewatia watu wa mji huu hasara nyingi kuliko kutu na mvua.

Umeme tunaoletewa majumbani Tanzania ni wa volti 230, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Lakini mashine zilizotumika, ambazo hutufikia kutoka pande zote za dunia, zilizaliwa chini ya sheria za nchi zao. Ile ya Japani imeundwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Japani yenyewe imegawanyika, mashariki yake ikitumia mizunguko 50 na magharibi yake 60, jambo lililoanza pale Tokyo iliponunua mitambo ya Ujerumani mwaka 1895 na Osaka ikanunua ya Marekani mwaka uliofuata, wala hakuna aliyepata kuwapatanisha tangu hapo. Uingereza, ambayo umeme wa nyumba zake ni sawa na wetu, ina desturi nyingine inayowahadaa wanunuzi wa mitumba: mashine za maeneo ya ujenzi huko hutumia volti 110, zinazopatikana kwa transfoma maalumu, ili mfanyakazi akiguswa na waya ulio wazi asipokee zaidi ya volti 55 kwenda ardhini, na plagi za mashine hizo hutiwa rangi ya njano ili mtu asikosee. Sasa hufika kwetu drili nzito ya ujenzi, imara na ya bei nafuu, na mtu akaona plagi ya njano haiingii katika soketi yake, akaikata na kufunga ya pini tatu. Aliyefanya hivyo ameliondoa onyo lenyewe. Akibonyeza swichi, mota huruka kwa kasi isiyo yake, cheche huzunguka ndani kama pete, moshi hutoka, na pale mashine huwa imeungua kwa haki, bila dhuluma wala uongo. Dawa ya mashine hizo ni transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo wa kutosha, na mwenye kuinunua pamoja na drili hajapata hasara. Asiyetaka kuinunua aiache drili hapo hapo sokoni.

Rangi za nyaya nazo zina fitina yake. Katika nyumba zetu za zamani, zilizofuata desturi ya Kiingereza, waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni wa kurudisha, na wa kijani ni wa ardhi; katika waya za siku hizi kahawia ndio wenye moto na buluu wa kurudisha, wakati Marekani na Japani mweusi ndio wenye moto na mweupe wa kurudisha. Kwa hiyo weusi ule ule ambao kwa fundi aliyelelewa na nyumba za Magomeni humaanisha usalama, kwa mashine ya Marekani humaanisha kinyume chake, na fundi asiyejua asili ya mashine aliyoishika hana budi kuuliza mita badala ya kuuliza macho.

Grenda ya kijana ilikuwa ya volti 230, na ubavuni ilikuwa na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, ambayo hueleza kwamba mwili umekingwa mara mbili na kwa ajili hiyo haihitaji waya wa ardhi. Ndiyo sababu waya wake una nyuzi mbili tu, na mtu asidhani kwamba wa tatu umeibwa.

Ili kufahamu kwa nini mashine kama hii hunyamaza ghafla, yafaa kujua njia ya umeme ndani yake. Umeme huingia kwa plagi, ukapita katika fyuzi, ukafuata waya hadi swichi, ukaingia katika koili ya kwanza ya fildi iliyotulia pembeni, ukashuka kwa kaboni ya kwanza, ukapita katika amecha inayozunguka, ukatoka kwa kaboni ya pili, ukamalizia koili ya pili ya fildi, ukarudi ulikotoka. Kwa kuwa fildi na amecha zimefuatana katika msafara huo mmoja, umeme wetu unapogeuza mwelekeo wake mara 100 kila sekunde, sumaku zote mbili hugeuka pamoja, na msukumo baina yao hubaki upande ule ule. Hiyo ndiyo hila iliyoiwezesha mota hii kufanya kazi kwa umeme wa betri au wa nyumbani bila kuona tofauti. Fadhila hii ina gharama yake. Njia ni moja, haina mchepuko, na pakikatika mahali popote, pote pamekatika: uzi uliovunjika ndani ya mpira wa waya huleta kimya kile kile ambacho kingeletwa na mota iliyoteketea. Mwenye mashine husikia kimya, akahukumu teketeo.

Mzee alitoa chini ya meza ubao wenye soketi na balbu moja ya wati 100, ya aina ile ya zamani yenye uzi unaowaka, aliyoiunga ili umeme wa soketi upite kwanza ndani ya balbu. Chombo hiki, kisichozidi thamani ya takataka, ni wakili mkubwa wa ukweli. Mashine ikichomekwa humo na kubonyezwa, balbu isipowaka kabisa, njia imekatika. Ikiwaka kwa mwanga wake wote, mashine imepiga shoti, na balbu imezuia umeme mwingi usipasue fyuzi. Ikiwaka kwa unyonge na mota ikajitahidi kuzunguka polepole, basi njia ni nzima. Balbu za kisasa za kubana matumizi hazifai kazi hii, na kwa sababu hiyo mafundi huzihifadhi zile za zamani kwa wivu, wakizifunga katika matambara. Grenda ya kijana haikuwasha kitu. Njia ilikuwa imekatika, nayo ilikuwa habari njema kuliko ile ya mwanga mkali, ingawa kijana alikunja uso.

Kutoka hapo kazi huenda kwa utaratibu wa kukaribia kutoka nje kwenda ndani, kwa maana ubovu hupenda kingo. Mzee aliichomoa mashine kwenye umeme, akafungua plagi akaipima fyuzi. Ilikuwa nzima, ijapokuwa ilikuwa ya ampea 13, kubwa mno kwa mashine ndogo. Akaushika waya pale unapoingia katika mwili wa grenda, mahali ambapo huinamishwa kila saa ya kazi hata nyuzi za shaba zikachoka na kukatika moja moja huku mpira wa nje ukiwa mzima na mzuri wa kutazama. Akaupima kwa mita huku akiupindua huku na huku, kwani waya uliokatika nusu huunga ukinyooshwa na huacha ukikunjwa, na asiyeupindua hudanganyika. Waya ulikuwa mzima. Lau ungekuwa umekatika, angekata kipande kile cha shingoni na kuuunga upya kwa urefu uliobaki, na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Akafungua mpini, akapima swichi: ilibonyea, ikaunga, ikaachia. Swichi nyingi hufa kwa vumbi la chuma na la mbao, na wakati mwingine husafishwa zikafufuka, ila mimi naungana na mafundi wasemao kwamba swichi iliyoungua midomo yake ibadilishwe, kwa kuwa swichi inayokataa kuzima ina hatari kuliko inayokataa kuwasha.

Basi zikabaki kaboni, na hapa ndipo ilipo siri ya mashine hizi. Kaboni ni vipande viwili vya mkaa uliogandamizwa, kila kimoja kikiwa katika nyumba yake ya shaba, na nyuma yake springi inayokisukuma daima kigusane na komuteta, yaani ile pete ya vipande vya shaba iliyo kwenye ncha ya amecha. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vifagio vya nyuzi za shaba, vilivyokuwa vikila komuteta na kurusha cheche za kutisha, mpaka Mskochi George Forbes alipoleta fikira ya kutumia mkaa mwaka 1885. Na kwa fikira hiyo ndogo mota zikaweza kupunguzwa hadi zikaingia mkononi mwa mtu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1895, kampuni ya Fein ya Stuttgart ilitoa drili ya kwanza ya mkono ya umeme, nayo kampuni ya Ackermann na Schmitt, pia ya Ujerumani, ikaja kueneza grenda za pembe zenye kasi mwaka 1954. Mkaa umewekwa pale makusudi ili uwe laini kuliko shaba, ulike wenyewe na kuiacha shaba ikidumu. Kuisha kwake, kwa hiyo, ni kazi iliyotimizwa, wala si ubovu. Na mashine bora nyingi hutiwa ndani ya kaboni kizuizi kidogo kinachokata umeme mkaa unapokaribia kwisha, ili springi isije ikakwaruza komuteta. Tazama basi dhuluma iliyopo: mtengenezaji ameiagiza mashine inyamaze ili ijiokoe, na bwana wake anaichukua kuipeleka kwenye kilo.

Mzee alifungua vifuniko viwili vya ubavuni kwa bisibisi bapa. Kaboni ya kwanza ilikuwa imebaki fupi, chini ya milimita sita, ambayo ni kadiri ya kuibadilisha. Ya pili ilikuwa na urefu wa kutosha lakini imekwama nyumbani mwake, imezingirwa na tope la vumbi na grisi, hata springi ikashindwa kuisogeza. Haikuwa ikigusa kitu. Hapo ndipo palipokatika. Pengo lisilopita unene wa ukucha.

Fundi wa pupa angetia kaboni mpya na kupokea fedha. Huyu aliitoa amecha akaikagua komuteta kwenye mwanga wa mlango, kwa kuwa rangi yake husimulia maisha yote ya mota: ikiwa na rangi ya karafuu iliyokauka, sawasawa pande zote, mota ni salama, ikiwa na vipande viwili vilivyoungua vyeusi huku vingine vikiwa safi, koili moja imekatika au imepiga shoti, na kaboni mpya zitaliwa upesi bila faida. Baina ya vipande vile vya shaba hukaa ulanga au kitu mfano wake, ulanga ule ule ambao kwa ajili yake milima ya Uluguru ilichimbuliwa tangu enzi za Wajerumani. Na ulanga ukiwa juu kuliko shaba, kaboni hurukaruka na kutoa cheche, hivyo fundi huuchimba uende chini kidogo kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa. Komuteta hii ilikuwa na masizi tu. Aliisafisha kwa msasa laini wa karatasi, akikataza kabisa ule mweusi wa kitambaa, ambao chembe zake zinaaminiwa kupitisha umeme na kukaa baina ya vipande. Halafu akapima vipande vilivyo jirani, jozi kwa jozi, akitafuta jozi moja itakayosoma tofauti na nyingine, hakuipata. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye komuteta na nyingine kwenye mhimili, kuona kama umeme unavuja kwenda kwenye chuma; haukuvuja. Akapima koili mbili za fildi, zikasoma sawa. Mashine iliyokuwa imekwisha kuuzwa kwa kilo ilikuwa nzima yote, isipokuwa mkaa.

Kijana aliuliza kama bado itahitaji kusukwa. Mzee hakumjibu, na mimi nitajibu badala yake, kwa kuwa jambo hili halifahamiki vyema. Kusuka mota ni kazi ya heshima: fundi huhesabu mizunguko ya kila koili ya zamani kabla ya kuikata, hupima unene wa waya kwa chombo cha maikromita, huandika upande ambao koili imeelekea na vipande vya komuteta ilivyoungwa navyo, hukata karatasi ya kukinga, husuka waya mpya kwa hesabu ile ile, hufunga kwa uzi, huchovya katika vanishi, kisha hukausha kwa moto wa taratibu. Akikosea mzunguko mmoja katika koili moja, uzani huharibika. Na amecha ya grenda ndogo, ambayo gia zake huliendesha jiwe kwa mizunguko takriban 11,000 kwa dakika ilhali yenyewe ikizunguka kwa kasi zaidi ya hapo, haivumilii kasoro ya uzani hata kidogo. Kwa pampu ya maji, kwa mashine ya kusaga nafaka, kwa msumeno mkubwa wa mbao, kusuka kuna faida iliyo wazi. Kwa grenda ya inchi nne na nusu, gharama hukaribia bei ya mashine nyingine, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo hata kama maneno hayo yanamnyima ujira.

Sina shaka kwamba ufundi huu ulizaliwa na dhiki, ijapokuwa asili yake ni ya zamani kuliko dhiki hiyo. Umeme wa kwanza wa hadhara katika mji huu, walioufunga Wajerumani mwaka 1908, ulihudumia karakana za reli na sehemu za mji walimokaa watawala, hivyo yaweza kusemwa kwamba Dar es Salaam ilikuwa na umeme wa mafundi kabla haijawa na umeme wa majumba ya raia. Kampuni za binafsi zilizokabidhiwa kazi hiyo mwaka 1931 zikanunuliwa na serikali mwaka 1964, na jina la TANESCO tunalolifahamu likasimama mwaka 1968. SIDO ikaanzishwa mwaka 1973 kuvilea viwanda vidogo. Lakini shule iliyowafunza watu kufufua mota ilikuwa ile miaka baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikawa hadithi, hata mtu akachonga kaboni ya grenda kutoka katika kaboni ya starta ya gari, akipima na kusugua mpaka ikaingia. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, milango ikafunguka. Baadaye zikaja mashine za bei rahisi kwa wingi, na kijana aliyezaliwa baada ya hapo akaona mashine ni kitu kinachonunuliwa upya. Mkono wa kuchonga kaboni haukupotea. Uko Tandika, Buguruni na Gerezani, ila umri wake unaongezeka.

Nataja jambo moja la mbali kwa sababu linanichekesha. Mwaka 1915, katika mji wa Nagoya, Mosaburo Makita alifungua biashara ya kuuza na kutengeneza taa, mota na transfoma. Kampuni iliyotokana na karakana hiyo ndiyo inayouza leo mashine za mkono duniani kote, zikiwemo zile zinazofika mizanini kwetu kwa kilo. Nako Amsterdam, mwaka 2009, mwandishi Martine Postma alianzisha mikutano ya hiari ambamo watu hukaa pamoja na kutengeneza vilivyoharibika, na Umoja wa Ulaya ukapitisha mwaka 2024 agizo la kuwalinda wananchi katika haki ya kutengenezewa bidhaa zao. Temeke haikungoja mkutano wala agizo. Kinachokosekana kwetu ni kinyume cha kile kinachokosekana kwao: wao wana sheria wakitafuta mafundi, sisi tuna mafundi wasio na vipuri vya uhakika, wala karatasi za michoro, wala mtu wa kumrithisha.

Kilichoiangusha grenda hii kilikuwa vumbi, na vumbi la Keko ni la mbao na chuma pamoja, livutwalo ndani na feni ya mota yenyewe. Mzee alimwagiza kijana apulize matundu ya hewa kila jioni, na asiiweke mashine chini juu ya maranda ikiwa bado inazunguka. Akamwonya pia juu ya ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, inayokokotwa kutoka nyumba ya tatu: umeme hufika umechoka, mota hupunguza mwendo, feni nayo hupunguza upepo, na fundi wa mbao kwa kukosa subira hukandamiza zaidi, akaongeza joto pale pale ubaridi ulipopungua. Makadirio ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kinga ya nyaya kwa nusu. Mashine nyingi zilizoungua kweli ziliunguzwa hivyo, kidogo kidogo, wala si kwa ajali ya siku moja.

Kaboni mbili mpya, ambazo gharama yake haizidi chakula cha mchana kwa mama ntilie, zilisuguliwa kidogo kwenye msasa ili zishike mviringo wa komuteta. Grenda ikachomekwa kwenye ubao wa balbu; balbu ikawaka kwa unyonge, mhimili ukazunguka. Ikachomekwa moja kwa moja, ikanguruma, cheche ndogo za buluu zikaonekana kwenye kaboni kisha zikatulia.

Kijana akanyoosha mkono kuipokea, mzee akaizuia. Kava la kukinga jiwe halikuwepo. Lilikuwa limetolewa na bwana wa kwanza, kama wafanyavyo wengi, ili kufunga jiwe kubwa la inchi saba lipate kukata kina kirefu. Mzee akaonesha kwa kidole maandishi ya jiwe lililokuwa mezani: jiwe la milimita 115 limeruhusiwa kwenda hadi mizunguko 13,300 kwa dakika, na la milimita 180 hadi 8,500 tu, nayo mashine hii huenda 11,000, hivyo jiwe kubwa juu ya grenda ndogo hulazimishwa kupita mpaka wake, na likipasuka halichagui uso. Alisema hatoi mashine isiyo na kava kibandani kwake, na mtu asiyependa ataitafuta barabarani.

"Mzee, kava linanizuia kona za ndani."

"Kona za ndani zina patasi, mwanangu."

Akainama chini ya meza, akapekua rundo la mashine ambazo kwazo alishakata tamaa, zile zilizokwisha kumpa swichi, beringi na gia zake, akatoa kava la kijani lililotoka katika grenda ya jina jingine, akapanua tundu lake kwa tupa, akalikaza juu ya mwili wa buluu. Kisha akataja bei mbalimbali, ya kaboni, ya kazi na ya kava. Kijana alilipa, akinung'unika kwamba kava limemgharimu kuliko kaboni.